Amepumzika

Wanafunzi walimwita Mama Tamathali, naye alijua, akajifanya hamnazo. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili asiyeweza kutaja hata mvua bila kuipamba. Siku hiyo aliingia darasani kama kawaida, ingawa mama yake alikuwa amefariki alfajiri hospitalini. Nyumbani shangazi zake walishika usukani. Walimwambia akae, akakaa, akachoka kukaa, akaenda kazini. Hakusikia uchungu. Hakusikia chochote, na hilo lilimshangaza kidogo, kama mtu anayegundua njiani kwamba ametoka bila saa yake.

Kulipokucha alikuwa amempigia simu mdogo wake, kitinda mimba wao, fundi wa kuchomelea vyuma katika mji wa mbali.

"Mama amepumzika," alimwambia.

"Afadhali, dada. Ameteseka sana," mdogo wake alijibu huku mashine zikinguruma nyuma yake.

Wakaagana. Baadaye shangazi waliamua mazishi yawe kesho asubuhi, na mmoja akamuuliza kama mdogo wake ana habari. "Anayo," akasema. Basi la mwisho la kuja huku lingeondoka saa kumi jioni, na hakuwa na shaka kwamba atakuwemo.

Somo la mchana huo lilikuwa tasfida, yaani kulisema jambo zito au la aibu kwa maneno laini. Akaomba mifano.

"Kujisaidia!" mmoja akapayuka, darasa likaangua kicheko.

"Kujifungua."

"Kuaga dunia."

Aliandika yote ubaoni, mwandiko umenyooka vilevile.

"Kupumzika," akasema msichana wa dawati la mbele.

"Kwa maana gani?"

"Kufa, mwalimu."

Akaandika na hilo.

"Mimi nakataa," akadakia jirani yake, mbishi wa darasa, ambaye kwake kunyamaza ni adhabu. "Ukiniambia bibi yangu mgonjwa amepumzika, nitajua kapata usingizi. Nitasema afadhali, halafu naendelea na shughuli zangu."

Wenzake walimcheka. Mwalimu hakucheka. Chaki ilibaki imegusa ubao, na kichwani lilizunguka neno moja tu, afadhali. Ilikuwa saa tisa na nusu. Akatoka bila kuaga, akasimama kwenye korido palipowekwa mafagio na ndoo, akapiga simu.

"Dada!" Sauti ya mdogo wake ilikuwa changamfu. "Ameamka? Hebu nipe nimsalimie."

Mwalimu alifungua mdomo. Ametutoka. Hatunaye tena. Ametangulia mbele ya haki. Yalimjia yote, laini na mazuri, maneno aliyoyafundisha miaka nenda rudi. Akayaacha.

"Mama amekufa," akasema.

"Amekufa vipi? Si ulisema amepumzika?"

"Nilisema."

"Dada, mimi nimefanya kazi kutwa nzima. Nimecheka na watu."

"Najua. Amekufa alfajiri, na tunamzika kesho asubuhi. Wahi basi la saa kumi."

Alimsikia akitupa kitu cha chuma, kisha akamsikia akikimbia, simu ikiwa bado sikioni, akihema.

"Dada," akauliza, "uko na nani hapo?"

Akatazama ndoo, mafagio na mlango wa darasa uliofungwa.

"Siko na mtu. Mama amekufa," akasema tena, na safari hii habari ikamfikia na yeye. Akakaa sakafuni, akalia kwa sauti, na darasani kicheko kikakatika.