Mtihani wa Kuuza Mzigo Usiokuwepo

Wallahi haya ni kweli tupu, sijatia hata punje ya chumvi. Mwaka huu, Safina wa mtaa wetu wa Gungu alibakiwa na nafasi moja ya kulipiwa na ofisi yake mtihani wa leseni ya udalali katika soko la bidhaa. Alishafeli mara mbili, na ofisi ilimwambia akifeli tena haitamlipia ada wala kumbakiza kazini. Kitabu kilimtoa machozi. Mtu anauzaje leo mzigo wa mwezi ujao, ambao hana mkononi?

"Unalilia hilo, mwanangu?" akasema Mama Nehemia, mkimbizi wa Burundi aliyekuwa akimfulia nguo. "Sisi kambini mahindi ya mgawo ujao tunayauza leo, kwa bei ya leo. Tajiri wa Mwandiga anashika kadi yako ya mgawo mpaka lori lije."

Kwenye mtihani wakauliza muuzaji huweka dhamana gani. Safina akaandika: kadi ya mgawo. Wasahihishaji wakasimama wakampigia makofi, leseni akapewa palepale.

"Babu, walinipa sifuri," akasema Safina, ambaye sikujua amekaa nyuma yangu kibarazani. "Na kazi nimekosa."

Watu wote waliokuwa wakinisikiliza wakanitazama. Pensheni ilipotoka, nikamlipia ada ya kurudia.