Vifungo vya Mfenesi

Mkwe wangu nilikuwa simpendi, niseme ukweli mapema tusizungushane. Sekela, mke wa mwanangu Twalib, binti wa Tukuyu, mpole kupita kiasi, anapiga goti akinisalimia. Hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia. Mtu anakupigia goti asubuhi na jioni, shikamoo mama, shikamoo mama, na wewe hujawahi kumtendea wema wowote! Nikasema huyu ana lake jambo.

Naishi Kongowe, huku Temeke mwisho kabisa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mfenesi aliouotesha marehemu mume wangu, na usidhani ni mfenesi kama mingine. Fenesi lake halikuwa na ulimbo. Ndiyo, umesikia vizuri. Fenesi lolote ukilipasua unapaka mafuta mikono, unapaka kisu, na bado vidole vitagandana mpaka kesho. Hili unapasua mikono mikavu, unakula umevaa nguo ya Idi, unajifuta, umemaliza. Marehemu aligundua mwenyewe mwaka mti ulipozaa mara ya kwanza. Alisahau chupa ya mafuta ndani, akapasua hivyo hivyo, akatazama viganja vyake, akaniita kwa kelele nikadhani kaumwa na nyoka. Jirani yangu Farida tulipompelekea kipande hakuamini, alijipaka mafuta hadi viwiko ndipo akala.

Mti ulikuwa huo mmoja tu. Nimepanda mbegu zake mara tatu, na mara tatu nimepata mifenesi ya ulimbo mtupu. Mwaka jana Twalib alileta fundi wa kubebesha miche, akachukua vikonyo kumi na viwili akavibandika juu ya miche mingine. Vyote vikakauka. Nililia mpaka nikalazwa. Maana marehemu aliniachia neno moja kitandani: Somoe, mti huu usipotee.

Sasa kiwanja kilikuwa cha baba mkwe, na mirathi ilipogawanywa, upande wa nyuma ukamwangukia shemeji yangu Mwishehe. Naye kauza! Mnunuzi akaja na suruali yake ya kunyooshwa, akasema anajenga fremu za maduka, anatupa miezi mitatu, Jumamosi ya mwisho mti unakatwa. Niliomba, nikagombana, na Mwishehe mpaka leo hatusalimiani. Haikusaidia kitu.

Mwezi wa mwisho ndipo nilipoviona. Nilikuwa nafagia nyuma, nikainua macho, nikakuta kitu cheusi kimeng'ang'ania tawi, ukubwa wa ngumi, kimezungushiwa kamba nyekundu. Nikazunguka shina. Kingine. Kingine. Nikavihesabu saba. Nikaacha fagio hapo hapo. Nikamwita Farida kupitia ukutani.

"Saba, shoga yangu?" Farida alishika mdomo. "Hivyo ni vifungo. Kuna mtu anafungwa hapa."

"Nani sasa?"

"We unadhani nani? Mwenye mti ni nani?"

Wote wawili tukageuka kumtazama Sekela, yuko kwenye kamba anaanika mashati ya Twalib huku anaimba taratibu. Mtu mwenye roho safi anaimbaje nyumba ina msiba wa mti?

Toka siku ile sikula chakula alichopika. Nilisema tumbo linanisumbua, nikawa najichemshia ndizi zangu mwenyewe. Yeye akawa ananiuliza, mama nikuletee uji? Uji! Thubutu. Nikawa namchungulia kupitia dirisha la jikoni, na Alhamisi moja nikamkamata kwa macho yangu. Kapanda mti kajifunga kanga kiunoni, na mkononi ana bomba la sindano. Wallahi, la hospitali. Anavuta maji kwenye chupa, anakichoma kifungo, anasukuma. Anahamia kingine, anachoma. Vyote saba. Na wewe ungekuwa mimi ungesemaje?

Twalib ningemwambia, lakini mwanaume akishaoa masikio yanahama. Nikasubiri ushahidi. Ukaja wenyewe wiki ya mwisho. Sekela alikuwa uani anaongea kwenye simu na kaka yake Gibson, na mie niko bafuni hapo hapo, kimya, hata maji sikujimwagia.

"Mama nimeshamfunga, kaka," anasema. "Sehemu saba. Naona zinakwenda vizuri." Akasikiliza. "Ndiyo, Jumamosi mama anaanguka, hakuna namna, ndiyo maana tunawahi. Ijumaa jioni tunamkata." Akacheka kidogo. "Twalib anajua. Tumekubaliana wote."

Nilikaa juu ya ndoo. Mkwe sawa, mkwe ni mtu wa kuja. Lakini Twalib? Niliyemnyonyesha miaka miwili kamili? Nililia humo bafuni nimeuma upande wa kanga ili nisisikike. Kisha machozi yakakauka nikabaki na hasira tupu.

Ijumaa asubuhi Twalib kaenda kazini kwake Kurasini, kwenye makontena. Sekela kaenda kwenye maua yake, maana alikuwa anauza maua barabarani pale Rangi Tatu, au ndivyo nilivyojua. Nikachukua upondo wa kuchumia maembe, nikafunga kisu mwishoni, nikaanza. Nilivuta matawi mpaka yakavunjika, na vifungo vikaanguka kimoja kimoja. Nikavirundika, nikamwaga mafuta ya taa, nikasoma Ayatul Kursiy kwa sauti mtaa mzima usikie, nikawasha kiberiti.

Kimoja kilipasuka kwenye moto. Ndani udongo mweusi na makumbi ya nazi, na katikati vinyuzi vyeupe, vingi, vimejisokota. Mvi zangu! Kaniokotea mvi kwenye kitana! Nikachochea moto kwa upondo mpaka pakabaki majivu. Nikaoga, nikavaa kanga mpya, nikakaa barazani nawasubiri.

Walirudi pamoja mapema, saa tisa, wamebeba ndoo saba zenye udongo na msumeno mdogo. Twalib alikuwa anacheka. Sekela akapiga goti, shikamoo mama, sikuitikia. Wakapita nyuma. Nikasikia ndoo zikianguka.

"Mama!" Twalib alirudi mbio. "Vile vifurushi mtini viko wapi?"

"Nimevichoma. Mlidhani Jumamosi nitaanguka? Nimesimama hapa, nitazame! Mkeo kanifunga na wewe umekubali, mwanangu wa kumzaa!"

"Kakufunga nani?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu! Mama nimeshamfunga, mama anaanguka Jumamosi, Ijumaa tunamkata!"

Twalib alijishika kichwa. Sekela ndiye aliyejibu, amesimama kwenye kona ya nyumba, kwa sauti ndogo.

"Mti, mama. Kitaluni kwetu pale Rangi Tatu, mti tunaochukulia miche tunauita mama. Nilibandua ganda la tawi, nikaweka udongo, nikafunga nailoni, nikawa nanywesha kwa sindano. Tawi linaota mizizi likiwa juu palepale, halafu unalikata unalipanda. Linakuwa mti uleule, bila ulimbo."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Mimi nilimkataza," Twalib alisema. "Mwaka jana ulilazwa. Nikasema, zile sehemu saba zisiposhika, asilie mara ya pili."

Nikamuuliza Sekela kama hawezi kufunga vingine leo hii, nimsaidie kushika ngazi, nimchotee udongo.

"Ni wiki nane, mama. Mti una kesho tu."

Twalib alichukua kisu akaenda kukata vikonyo vya kubebesha, vilevile vilivyokauka vyote mwaka jana, ili tu asikae bure. Mie nikamfuata Sekela kwenye majivu. Alichuchumaa, akayachambua kwa vidole, taratibu, kama anayetafuta pete. Nilitaka anitukane. Nilitaka anisukume hata, nipate pa kushikia. Akainua uso.

"Ulipovichoma, mama, kimoja kilipasuka? Uliona ndani?"

"Niliona."

"Kulikuwa na mizizi?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema palikuwa na udongo tu, akadhani hakuna kilichopotea, akapata kupumzika. Lakini nilikuwa nimeshamkosea vya kutosha.

"Ilikuwepo," nikasema. "Myeupe. Mingi."

Akaitikia kwa kichwa, na uso wake ukachangamka kidogo kabla machozi hayajamtoka.

"Basi zilishika, mama," akasema. "Zote saba zilishika."