Turbo ya Gari la Breki

Madereva wenzake wa malori walimwita Breki kwa sababu hakuwa nazo. Barabarani alikanyaga mafuta mpaka mlangoni mwa bohari, na nyumbani alikuwa vivyo hivyo: akianza kupiga, hasimami mpaka achoke mwenyewe. Mkewe, kabla maradhi hayajamchukua, alizoea kuwafungia watoto chooni kila aliposikia lango likisukumwa kwa teke. Watoto walikuwa wawili. Wa kwanza binti, wa pili mvulana mnene aliyeitwa Bonge tangu anatambaa, na jina likamganda hata alipokonda.

Kitu pekee ambacho Breki hakuwahi kukipiga ni gari lake. Lilikuwa gari la spoti la zamani, jekundu, la milango miwili, la chini kiasi kwamba mtu mzima alijikunja kuliingia kama anayeingia banda la kuku. Siku moja binti yake, akiwa bado shule ya msingi, aliegemeza baiskeli kwenye mlango wa gari hilo, ikaacha mchubuko wa urefu wa ukucha. Breki hakugomba. Alimwita, akamwambia aweke mkono pale mlango unapofungia, kisha akaufunga. Kidole cha mwisho kilipona kikiwa kimepinda. Majirani waliouliza waliambiwa samaki mkunje angali mbichi.

Binti huyo alikua akawa fundi wa magari. Alisema injini ukiikosea hukuonya kabla ya kukudhuru, na kwao hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Alifungua karakana pamoja na mdogo wake: yeye injini, Bonge bodi na kuchomelea. Wateja wakamwita Fundi. Baba yake naye alimwita hivyo, ila yeye kwa kejeli.

Kisha turbo ya lile gari ikafa. Turbo ni kama feni ndogo ambayo moshi wa injini huizungusha, nayo ikaisukumia injini hewa zaidi ya ile ambayo ingevuta yenyewe. Ikifa, gari hubaki na pumzi za kizee. Lile la Breki lilitoa moshi wa buluu na kupanda vilima likikohoa. Alizunguka kwenye maduka yote ya spea, akaambiwa turbo za toleo lile zimekwisha duniani. Mwishowe akalivuta kwa kamba hadi karakana, akamtupia binti yake funguo kifuani.

"Chukua. Ni lako. Mimi hata macho yenyewe hayaoni tena."

"Nikilichukua nitalifanya nitakavyo, baba."

"Nimesema ni lako."

Bonge alisikia. Alisikia pia mshona viti vya magari wa mlango wa pili, aliyekuwa amesimama na sindano yake mdomoni.

Fundi hakutaka gari la kuangalia, alitaka gari la kuendesha. Akatafuta mpaka akapata turbo ya mdogo wa gari lile, toleo la miaka ya baadaye la kiwanda kilekile, lililogongwa nyuma likafa huku injini yake nzima. Turbo hiyo mpya ilikuwa ndogo, nyepesi, na iliamka mapema. Ile ya zamani ilitaka injini ilie kwanza ndipo nayo izinduke. Lakini kiatu cha mdogo hakiingii kirahisi mguuni mwa mkubwa. Matundu ya bolti hayakulingana, na mdomo wa kutolea moshi uligonga bati la ndani, lile linalobeba betri. Kwa matundu, Fundi alichonga bamba nene la chuma, upande mmoja likakubali injini ya zamani, upande wa pili turbo mpya. Bomba la kurudisha oili alilitengeneza upya lishuke moja kwa moja, maana oili hurudi kwa uzito wake yenyewe, na ikikwama turbo huzama ndani yake. Likabaki bati. Hilo halikuwa na dawa ila kukatwa.

Alilikata mchana kweupe, mlango wa karakana wazi. Grainda ilikuwa inalia na cheche zinaruka, hivyo hakusikia nyayo. Breki alikuwa amekuja, kama alivyozoea, kulifuta vumbi gari ambalo alikwisha kulitoa. Alikuta boneti liko sakafuni, injini imevuliwa nusu, na kipande cha bati jekundu kimelala miguuni mwa binti yake.

Aliokota mpini wa jeki akampiga nao mgongoni.

Fundi aliangukia kifua juu ya injini. Grainda ilimponyoka, ikarukaruka sakafuni kama nyoka aliyekanyagwa mpaka waya ukachomoka ukutani. Pigo la pili lilimpata begani, mkono wa kushoto ukafa ganzi wote. La tatu lilikuwa la kichwani na lingemaliza habari, lakini Bonge aliingia katikati. Bonge huyu, ambaye utotoni alikuwa wa kwanza kukimbilia chooni, alisimama mbele ya baba yake mikono juu, akasema, "Baba, si ulimpa?" Mpini ukamshukia kwenye taya. Meno yalitoka pamoja na damu na mate, naye akakaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka.

Breki alihema. Aliwatazama wote wawili, akasema hajawahi kuzaa mtu, kisha akaigeukia meza ambako turbo mpya ilikuwa imewekwa juu ya kitambaa safi. Akainua mpini aiponde.

Hapo ndipo Fundi alipoinuka. Baadaye alijiuliza kwa nini hakuinuka Bonge alipoanguka, akangoja mpaka turbo itake kupigwa, na jibu alilolipata halikumpendeza. Aliokota bomba la ekzosi lililokuwa karibu na gurudumu, akampiga baba yake mkononi. Mfupa ulilia kama ubao mkavu. Mpini ukaanguka.

Angeweza kuishia hapo. Alimpiga mbavuni. Mzee alipopiga magoti alimpiga mgongoni, na alipolala alimpiga popote bomba lilipofika. Hakulia wala hakutukana. Pumzi zilimtoka kwa mpigo, kama za mtu anayepasua kuni. Breki alijikunja, akajifunika kichwa kwa mkono uliobaki mzima, vilevile walivyokuwa wakijikunja watoto wake, akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia likitoka kinywani mwake.

"Basi, mwanangu. Basi."

Fundi aliendelea. Aliyemzuia ni Bonge, aliyetambaa akamkumbatia miguu huku damu ikimtiririkia viatuni. Maneno yalipita kwa shida kwenye ile taya.

"Dada, inatosha. Unapiga kama yeye."

Bomba likamtoka mkononi.

Mshona viti alikuwa amefika mlangoni. Alitupa viti chini kutoka kwenye pikapu yake, wakamlaza Breki nyuma juu ya masponji. Njia nzima alikohoa damu. Pale barabara ilipokuwa na mashimo kichwa chake kiligonga bati, na baada ya kukitazama kikigonga mara kadhaa, Fundi aliweka kiganja chake chini yake.

Hospitali walisema mkono umevunjika vibaya na ubavu umetoboa pafu. Taya ya Bonge ilifungwa kwa waya. Polisi alipofika wodini, Breki alimwambia aliteleza akatumbukia kwenye shimo la kukagulia magari. Polisi alimtazama, kisha akamtazama Fundi na bega lake lililovimba, akauliza kama naye alitumbukia shimo hilohilo.

"Nilimpiga mimi," alisema Fundi. "Alianza yeye. Lakini alisema basi, na mimi nikaendelea kupiga."

Polisi alirudi kitandani. Mzee aling'ang'ania shimo lake, akauliza kwa hasira kama wanataka aandikwe kwamba amepigwa na binti. Basi polisi akamweleza Fundi kwamba bila mlalamikaji hakuna kesi, na kwamba bega lile lingehitaji daktari. Akamwacha pale ukumbini, huru, naye hakujua aupeleke wapi uhuru huo.

Kwa muda karakana ilifungwa. Alipoifungua, gari lilikuwa palepale, limepasuliwa kifua. Damu ilikuwa imekauka chini ya gurudumu. Akaimwagia maji, akaisugua kwa brashi ya chuma. Bonge, aliyekuwa akila kwa mrija, alichomelea bati jipya lenye nafasi ya kupitisha bomba la moshi. Wakafunga turbo. Fundi alizungusha injini bila kuiwasha mpaka oili ifike kila mahali, kisha akaiwasha, nayo ikaitika.

Walitoka nalo hadi barabara kuu. Alipokanyaga mafuta turbo ilipiga mluzi mwembamba na gari likawabana migongo vitini. Bonge alicheka kupitia zile nyaya, sauti kama ya mtu anayesukutua. Fundi hakuondoa mguu. Malori yalibaki nyuma, kona ikaja, na mguu ulikuwa bado chini. Raha aliyoisikia aliitambua: aliisikia siku ile, bomba likiwa mkononi. Bonge akamgusa goti. Akapunguza mwendo, wakarudi, na walipofika akampa mdogo wake funguo azitunze yeye.

Breki alitolewa hospitali akahamia chumba cha nyuma kwa Bonge, kwa kuwa peke yake hakuweza hata kufunga kifungo. Mkono ule haukunyooka tena. Fundi alichelewa kwenda kumwona. Siku aliyokwenda alimchukulia supu, akampa shikamoo, isiitikiwe. Alimwekea bakuli mapajani na kijiko kwenye mkono uliobaki mzima.

"Linavuta?" aliuliza mzee.

"Linavuta, baba."

"Na bati umelikata."

"Nimelikata."

Bakuli lilipita kando ya sikio lake, likapasukia ukutani, supu ya moto ikamshuka shingoni. Mzee alikuwa tayari anaifuata glasi kwa mkono huohuo mzima. Fundi aliudaka. Ulikuwa mwembamba kuliko alivyokumbuka, mifupa yake inatembea chini ya ngozi, na alijua ni nguvu kiasi gani tu ingehitajika. Breki naye alijua. Alifumba macho akangoja.

Fundi aliulaza mkono juu ya shuka, taratibu.

"Mimi sitakupiga tena," alisema. "Na wewe hutanipiga tena. Nikiuona mkono huu umeinuka, ndiyo mwisho wa kuniona."

Mzee alifumbua macho. "Mtoto wa nyoka," alisema, kwa sauti iliyokaribia kuwa sifa.

"Nalijua hilo, baba. Ndiyo maana nimekuachia."

Akapiga magoti akaokota vigae vya bakuli, akafuta ukuta. Mlangoni alimwambia Bonge kuanzia siku hiyo amtilie baba chakula kwenye bakuli la plastiki.

Aliendelea kwenda. Mkono haukuinuka tena mbele yake, ingawa ulimi haukupumzika. Ulipozidi, alitoka akanawa uso kwenye bomba la uani, akakaa kwenye ngazi mpaka moyo ushuke. Siku nyingine alirudi ndani akamalizia kumlisha. Siku nyingine alimwachia Bonge kijiko, akaenda zake kazini.