Nailoni ya Mawaridi

Miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika hadi madukani Tukuyu, watu wa kijiji cha Masoko walijifunza jambo jipya: kitu cha kutupa. Zamani kitu kilikuwa kitu, kikichakaa unakishona au unakiziba. Sasa palikuwa na kitu kinachonunuliwa kwa nia ya kutupwa, na aliyekinunua anasifiwa kuwa ameendelea.

Kwa mama Atupakisye, mjane mwenye migomba na kahawa kidogo, vya kutupwa vilikwenda kwa ng'ombe au migombani, basi. Kila Krismasi alikata majani ya migomba, akayababua motoni mpaka yakalainika, akayatandika mkekani, na wageni wakala juu yake mbalaga, yaani ndizi mbichi zilizopikwa na nyama. Wakishiba, majani yalikunjwa pamoja na maganda na mabaki, mzigo mzima ukapelekwa zizini. Hakuna aliyechambua kitu. Kazi hiyo ilikuwa ya bintiye Prisca tangu akiwa na meno ya utoto.

Prisca akaolewa Mbeya na mfanyabiashara aitwaye Meshaki, na tangu hapo Krismasi zikawa zinapita naye haji. Mara mtoto anaumwa, mara duka halina mtu, mara barabara. Atupakisye hakuwa mtu wa kulalamika, lakini aliamini kwamba binti anaionea haya nyumba yao, na aliogopa kwamba amempoteza mtoto angali hai.

Mwaka ule Prisca akaja, tena pamoja na mama mkwe wake, mama Meshaki. Mkononi alikuwa na kifurushi.

"Ugonile, mwanangu," mama alimsalimu.

"Ndaga, mama. Ila majani leo hapana," Prisca alisema hata kabla hajakaa, akishusha sauti mkwewe asisikie. "Watu wa mjini hawali kwenye majani. Nimeleta nailoni ya mezani. Ina maua."

"Tukimaliza tunaifua?"

"Haifuliwi, mama. Ni ya kutupa."

Atupakisye akaitikia. Siku hiyo angeitikia hata kama angeambiwa apike akiwa juu ya paa. Wakaitandika nailoni, nyembamba kama ganda la kitunguu, yenye mawaridi mekundu, juu ya meza na kupanga sahani, vyote vya kuazima kanisani. Mchuzi ukamwagika, maganda ya ndizi mbivu yakarundikana, na mama Meshaki akasifu chakula, akaongezwa, akasifu tena. Siku ikawa njema.

Mazoea yana taabu. Wageni walipomaliza, Prisca, huku akisimulia vituko vya Mbeya na kucheka, aliondoa sahani, akakusanya pembe za nailoni na kila kilichobaki juu yake, akaukumbatia mzigo kifuani na kutoka nao. Hakuna aliyemtuma. Atupakisye alikuwa mlangoni. Alimwona akielekea zizini kwa mwendo ule ule wa utotoni, gauni jipya likigusa matope wala hajali. Furaha ikampanda mama mpaka ikabidi aushike mwimo wa mlango. Hajasahau, alijisemea, mwanangu hajasahau. Macho yake yote yalikuwa kwa binti.

Ng'ombe hakubagua. Nailoni ilikuwa imelowa mchuzi wenye chumvi, na chumvi ni chumvi.

Ng'ombe huyo alikuwa na mimba, uzao wa ng'ombe aliyeletwa kwa mahari ya Prisca mwenyewe. Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema. Huyu alikuwa karibu kuwaumbua. Mvua za Februari zilimkuta hacheui, tumbo limejaa, mbavu zimetokeza. Akanyweshwa dawa za miti, akanyweshwa na za dukani, akafa. Jotham, bwana mifugo, alipompasua alitoa tumboni fundo gumu, akalisuuza kwenye ndoo. Mawaridi yakaonekana.

"Nani alimlisha hii?" aliuliza.

Atupakisye akasema hajui. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mtu wa serikali.

Pasaka ilipofika, Prisca akarudi, safari hii bila kubembelezwa, tena peke yake. Hilo ndilo lililomtesa mama. Binti ameanza kuja, na mama ana habari ya kumfanya asirudi tena. Kwa hiyo alikuwa ameandaa uongo wa pili, kwamba ng'ombe ameuzwa. Lakini asubuhi Prisca alimenya ndizi, akachukua maganda, akapitiliza nyuma ya nyumba na kusimama mbele ya zizi tupu.

"Mama, ng'ombe yuko wapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ukagoma kutoka.

"Amekufa," alisema Atupakisye. "Alikula ile nailoni."

"Niliipeleka mimi."

"Uliipeleka wewe, nami nilikuwa mlangoni nakuona."

"Sasa mbona hukunizuia?"

"Nilifurahi," mama akasema. "Nilikuona unakwenda zizini kama zamani, nikafurahi mno. Sikutazama umebeba nini."

Prisca akayaachia maganda, akalia kwa sauti kama aliye msibani. Mama hakumbembeleza, kwa kuwa naye alikuwa akilia.

Lakini wageni wa Pasaka walikuwa njiani. Prisca akajifuta uso, akachukua panga, akaenda kukata majani, akayababua yeye mwenyewe na kuyatandika mkekani. Watu wakala, wakashiba, wakaaga. Akayakunja majani pamoja na mabaki, akatoka nayo, akafika katikati ya ua na kusimama, hana pa kuyapeleka.

Mama akamfuata, akashika upande mmoja wa mzigo, wakaenda nao migombani.