Jiwe Lililooshwa

Wauza mawe walimpachika jina la Daktari wa Meno, naye aliwaacha wacheke. Kila maonyesho ya madini yalipofunguliwa, sonara huyo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia ukumbini, mkoba begani, lenzi ikining'inia shingoni, akipita meza hadi meza na swali lake lile lile. Mna jiwe mfano wa jino? Chonge, tena la mnyama mkubwa, kijani kwa nje na jekundu kiini, limekaa juu ya mwamba mweupe kana kwamba limeota kwenye ufizi, na pembe yake moja imemeguka.

"Daktari, mimi nina gego hapa," alimtania mzee mmoja wa meza za mbele. "Halikufai?"

"Gego mpelekee mama mkwe wako. Nasikia siku hizi anatafuna watu kwa ufizi mtupu."

Walicheka, wakamwonyesha walichonacho, akaenda zake. Hawakuona ajabu, kwa sababu alijulikana kupenda mawe yanayokataliwa na masonara wenzake: yenye kovu, yenye ukungu ndani, yenye rangi mbili zisizopatana. Hayo aliyafanyia pete na mikufu ambayo watu waliikodolea macho. Basi wote walidhani hilo jino ni tamaa ya kazi tu.

Haikuwa tamaa ya kazi. Jino lilichimbwa na mdogo wake wa kiume, kijana waliyemwita Koleo kwa sababu akishika kitu haachii. Asubuhi ile alikuwa chini ya shimo peke yake. Juu, akivuta ndoo, alikuwepo rafiki yake ambaye mpaka leo anaitwa Kamba. Koleo alipaza sauti kutoka chini: "Vuta polepole. Nimelimegua pembe kwa patasi, mkono umeteleza." Ndoo ikapanda. Kamba aliliona jiwe kwa muda wa kupangusa jasho, maana msimamizi alilichukua hapo hapo, akalitia mfukoni, akaelekea nalo ofisini. Hajafika mlangoni, kuta za shimo zikaporomoka.

Kuta hizo zilikuwa zikimwaga mchanga tangu mvua zianze. Wachimbaji walisema, wakajibiwa kwamba asiyetaka kazi aseme, getini wamejaa wanaoitaka. Magogo ya kuzishikilia yaliletwa, ni kweli. Yalitumika kujengea kibaraza cha ofisi, ili wakubwa wakija wasipigwe na jua. Baada ya Koleo kufukiwa, wakubwa hao hao wakagundua ghafla kwamba shimo ni hatari. Kuwateremsha watu wakamtoe marehemu ni kuwahatarisha walio hai, walisema, na walisema kwa sura za huruma kabisa. Likaja tingatinga, likasukuma udongo mpaka shimo likawa sawa na uwanja, Koleo akiwa ndani. Kisha pakazungushiwa waya.

Mama yao alikwenda huko na Kamba, kitambaa cheupe kwapani. Alirudi na kitambaa hicho hicho, kimekunjwa vile vile, na michubuko mirefu mkononi. Sonara alipomuuliza, alisema amejikuna. Tangu hapo hakulia mbele ya mtu. Jina la Koleo nalo halikutoka tena kinywani mwake, na akilisikia kwa mwingine huinuka kwenda kutazama kitu jikoni.

Sonara alikata kauli. Kilichotoka shimoni siku ile ni kimoja tu, na atakitafuta kwa udi na uvumba. Atakitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, Mama akivae kifuani, awe na kitu cha mwanawe cha kushika.

Miaka ikapita hivyo, ya meza na taa na vicheko. Mpaka siku moja Kamba, ambaye sasa alikuwa mbeba makasha kwenye maonyesho hayo, alimjia kwa nyuma akamshika kiwiko.

"Dada, njoo. Usikimbie. Tembea tu kama mtu anayetafuta choo."

Lilikuwa ndani ya kisanduku cha kioo, limemulikwa taa yake peke yake. Kijani, kiini chekundu, ufizi mweupe, pembe iliyomeguka. Chini yake palikuwa na kadi: limegunduliwa na mkurugenzi wa kampuni, jina lake na cheo chake. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga matope hata ya uani kwake.

"Ndilo?" aliuliza Sonara bila kugeuka.

Kamba aliitikia kwa kichwa.

"Una jicho zuri, dada," alisema mwenye meza, bwana mwenye miwani na sauti ya upole. "Hili halina ndugu. Mgodi wake ulifungwa, halitatoka jingine kama hili. Ndiyo maana thamani yake inapanda tu."

"Ulifungwa kwa nini?"

"Mambo ya usalama, nadhani."

Kamba akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Sonara akamkanyaga mguu, kisha akainama na lenzi yake. Jiwe lilipokutana na mwamba palikuwa na ufa, na ufa ulikuwa umeshindiliwa udongo mwekundu, mkavu kama tofali.

"Na huu uchafu?"

"Usiuguse huo. Nimeliacha lilivyotoka ardhini, wakusanyaji wanapenda hivyo. Ukiliosha umeliua."

Sonara alimcheka moyoni. Watu hawa, aliwaza, hata uchafu wanautafutia bei.

Mwenye meza alikuwa akiutazama mkufu wake tangu alipoinama. Ulikuwa mkufu bora kuliko yote aliyowahi kutengeneza, mawe ya kila rangi aliyoyaokoteza maonyesho baada ya maonyesho, na alikuwa amekusudia kuushindanisha. Aliufungua shingoni akauweka juu ya kioo.

"Tubadilishane."

Bwana aliuinua kwenye taa, akaguna, akatikisa kichwa, akasema anajiumiza. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaufumbata.

"Dada, mkufu wako," Kamba alinong'ona walipotoka.

"Mkufu nitatengeneza mwingine."

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na Mama aliishi chumba cha nyuma. Asubuhi iliyofuata Sonara alifunga mlango wa kati ili asije akaonwa kabla hajamaliza. Kazi huanza kwa kuosha. Jiwe chafu halisomeki. Miswaki yake ya kazini ilikuwa imechakaa, imejaa masizi ya kung'arishia mawe ya wageni, akaona haifai kumgusa nayo Koleo. Akafungua mpya, kutoka kwenye pakiti.

Alisugua kwa sabuni, taratibu, kila kona. Palipogoma alipachokonoa kwa sindano, kisha akapitisha tindikali kidogo. Maji mekundu yakashuka kwenye karo, yakaingia kwenye ndoo iliyo chini yake, ile ambayo kila sonara huiweka ili kudaka vumbi la dhahabu. Mikono yake ilikuwa mipole kuliko siku nyingine zote. Alijihisi kama anamwosha mdogo wake, kazi ambayo waliwanyima, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule alilia akiwa anafanya kazi, machozi yakidondokea mle mle kwenye povu. Lilipokuwa safi kabisa alilitengenezea kishikio cha fedha, mfano wa midomo ya koleo.

Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani, akipindisha upindo wa gauni.

"Mama, fumba macho."

"Kwa umri huu nifumbe macho ovyo? Watu watakuja na jeneza."

Sonara alipiga magoti, akamwekea jiwe kiganjani. Lilirusha kijani na wekundu mpaka ukutani. Mama alilitazama, akaligeuza, akalitazama kwa chini. Alipitisha ukucha kwenye ufa. Kisha akalinusa.

"Ndilo lile?"

"Ndilo. Kamba kalitambua."

"Zuri," alisema Mama, kama mtu anayesifia nguo ya dukani asiyotaka kuinunua. "Mbona linang'aa hivi?"

"Nimelisafisha."

"Lilikuwa na nini?"

"Udongo tu, Mama. Mwekundu, ulikuwa umeganda hapa kwenye..."

Hakumaliza. Mama alikuwa ameweka jiwe juu ya gauni, akawa anausugua mkono wake pale palipokuwa na michubuko zamani.

"Nilipitisha mkono kwenye ule waya," alisema. "Nilitaka konzi moja. Niilete hapa niifukie mahali, niwe na pa kwenda. Askari akanitoa mkono. Akasema kilichomo ndani ya waya ni mali ya kampuni, hata udongo. Naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaogopea kazi yake."

"Hukuniambia, Mama."

"Ungefanya nini? Ungekwenda kupigana." Alisogeza jiwe kwa kidole kimoja, likaelekea ukingo wa goti. "Hili ni lao, mwanangu. Ndilo walilolitaka. Mimi nilikuwa nataka kile kinachomlalia."

Sonara aliinuka akakimbilia karakana. Aliivuta ndoo kutoka chini ya karo, akamwaga maji ya juu polepole, akatia mkono. Matope yalikuwa ya kijivu, mazito, yananata. Alichimba kwa vidole akitafuta wekundu, akayapaka kwenye sahani, akayapeleka dirishani. Kijivu tupu. Udongo wa Koleo ulikuwa humo, na humo humo udongo wa kila jiwe aliloosha miaka yote, na masizi, na vumbi la dhahabu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Upi ni wake?"

"Sijui. Umechanganyika na wa mawe mengine."

Mama aliitazama ndoo. "Na hao waliochimba mawe mengine walitoka?"

Mawe yote yale, na Sonara hakuwahi kuuliza. Alikuwa akiyaosha tu. Alikaa sakafuni, mikono ya kijivu mapajani, kichwa kimeinama usawa wa karo. Hapo ndipo alipouona mswaki, umelala ukingoni alipouacha, umekauka. Nywele zake zilikuwa nyeupe juu. Chini, zinapoota, zilikuwa nyekundu.

Aliuchukua kwa ncha za vidole na kumpelekea Mama.

"Huu ulikuwa mpya. Haukugusa jiwe jingine."

Mama aliupokea. Aliugeuza kwenye mwanga, na kitu kikamtoka kinywani ambacho kilianza kama kicheko.

"Mswaki," alisema. "Mtoto huyu nilimfukuza na mswaki nyumba nzima. Kila asubuhi. Anajificha chini ya kitanda, ameuma meno, haachii. Koleo wangu." Na kicheko kile kikageuka njiani, akashika fremu ya mlango, akalia kwa sauti, na Sonara akamshikilia kiunoni asianguke.

Alipotulia alikwenda chumbani kwake akarudi na kitambaa cheupe, akakitandaza mezani kati ya patasi na koleo ndogo. Akaugonga mswaki juu yake, taratibu, tena na tena, akizikuna nywele kwa kidole gumba. Vumbi jekundu likadondoka, kidogo mno, halikuzidi chumvi ya kunyunyizia yai. Walizuia pumzi wasije wakalipuliza.

Kisha wakaanza kukunja, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Kitambaa kilikuwa kimekatwa kwa ajili ya mtu mrefu. Waliendelea kukikunja.