Bakuli la Shina

"—na huku chini ndiko utamu wote ulikojificha, jamani, wala siwadanganyi, mimi mwenyewe nimeutafuna mpaka taya zikaomba likizo!"

Msichana aliyekuwa anasema hayo alishika muwa mrefu kuliko yeye, na kwa furaha akauzungusha juu ya kichwa kama anafukuza ndege. Ncha ikapita jirani kabisa na sikio la mwanaume mmoja mnene.

"Dada, taratibu," akasema yule mwanaume. "Mimi nimekuja kuonja, sikuja kuchapwa."

Wageni wakacheka. Hawakuwa wengi: huyo mwanaume, ambaye alishawaambia wote kuwa ana bucha mjini na kwa hiyo wakawa wanamwita Bucha, maharusi wawili ambao hata mtaro waliuruka wakiwa wameshikana mikono, na mama mmoja mwenye gauni la kahawia lililoshonwa vizuri kweli, begani kabeba begi kubwa, tupu.

Huyo mama hakucheka. Na lile begi tupu ndilo lililokuwa na kesi.

Kwa sababu huyo mama alikuwa mama mzazi wa msichana, na begi alikuja nalo ili kupakia nguo za binti yake na kuondoka naye.

Msichana walimwita Redio tangu yuko darasa la pili, kwa kuwa alikuwa hazimiki. Alipomaliza chuo, akiwa na cheti chake cha utalii, kila mtu pale nyumbani alitegemea ataajiriwa kwenye hoteli yenye lifti. Badala yake shangazi yake, dada wa baba, akampigia simu: anataka kufungua shamba lake la miwa kwa wageni, watu waje watembee, waonyeshwe, waonje, na anahitaji mtu wa kuwatembeza. Redio alikuwa ameshaitikia kabla shangazi hajamaliza sentensi.

Mama yake akapandwa na hasira. Ni fundi cherehani, na mwanawe alimsomesha kwa sindano na uzi. "Nimekesha nikishona sare za watoto wa watu," alisema, "ili wangu akaonyeshe watu majani?" Tena mteja wake mmoja, mwanasheria, alikuwa anatafuta mtu wa mapokezi. Kiti cha kuzunguka, feni ya peke yako, kazi inaanza Jumatatu.

Wakabishana kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Walipoirudisha, mama akatoa hukumu: "Nakuja. Nitatembea na wageni wengine, mwanzo mpaka mwisho. Nikiona ni kazi, utabaki. Nikiona ni mchezo wa kombolela, begi ninalo, tunarudi wote na basi la jioni."

Redio akasema sawa. Ulimi wake siku zote huwahi kufika, akili inafuata kwa miguu.

Basi asubuhi ile shangazi ndiye aliyempokea mgeni getini.

"Karibu wifi! Mbona begi limekonda hivyo? Hukutuletea kitu?"

"Limekuja kunenepea hapa hapa, wifi."

Wakakumbatiana, wakacheka kicheko kile cha mawifi ambacho ukikaa karibu unaweza kujikata.

Matembezi yalianza mchana, wageni wote walipofika, na mwanzo ulikwenda vizuri. Redio aliwaingiza kati ya mistari ya miwa, akawaonyesha pingili, akawaonyesha fundo linalotenga pingili na pingili, na pale penye fundo akawaonyesha jicho, kichipukizi kidogo kama chunusi.

"Muwa hatupandi mbegu. Tunakata kipande, tunakilaza kwenye mfereji, tunakifunika udongo. Kila jicho linatoa mtoto."

"Yaani kulala tu?" akauliza bwana harusi.

"Kulala tu."

"Maharusi, mmesikia?" akasema Bucha. "Mkulima kasema." Bibi harusi akajificha nyuma ya mkoba.

Mama akapitisha kidole kwenye jani, akakirudisha haraka. "Linakata hili."

"Ndiyo maana nilikwambia uvae mikono mirefu, mama." Halafu akajiuma mdomo, kwa kuwa walikubaliana kwamba leo hakuna mama wala mwana. Bahati nzuri Bucha alikuwa anapigana na wadudu, hakusikia.

Wakafika kwenye banda la kuonjea. Banda lenyewe ni nguzo na bati, katikati meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki, chini ya meza ndoo ya kutemea makapi. Pembeni ipo mashine ya kukamulia, ya gurudumu la kuzungusha kwa mkono, na shangazi alikuwa hapo anaifuta. Mezani palikuwa na mabakuli matatu ya vipande vilivyokwisha kumenywa: la ncha, la katikati, la shina. Redio mwenyewe aliyapanga alfajiri, kwa mpangilio aliofundishwa.

Maana pale shambani kuna sheria moja tu ambayo shangazi haichezei. Muwa kileleni una maji mengi na sukari kidogo, na kadiri unavyoshuka kwenda shinani ndivyo utamu unavyozidi. Kwa hiyo mgeni huanzishwa nchani, akaenda kati, akamalizia shinani, na kila hatua anaona bora kuliko ile aliyotoka. "Ulimi ni mgeni mlafi," shangazi alimfundisha. "Ukimpa nyama kwanza, mboga haangalii tena."

Redio aliijua sheria hiyo kama anavyolijua jina lake. Lakini mama alikwenda kukaa moja kwa moja mbele yake, begi mapajani, mikono juu ya begi. Na Redio alipomwangalia hakuona mgeni wa kuonja, aliona mama yake aliyetoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Anampaje mama yake kitu cha pili kwa ubora? Mkono ukaruka mabakuli mawili, ukashika la tatu.

"Anza na hili," akasema. "Hili ndilo zuri."

Mama akachukua kipande, bakuli likapita kwa Bucha, likaenda kwa maharusi, na wote wakafumba macho. "Aisee!" akasema Bucha. Bwana harusi akachukua viwili. Redio akajisikia ameshinda kesi na mashahidi hawajaitwa.

Likaja bakuli la katikati.

"Dada," Bucha akasema huku anatafuna polepole, "hivi vya pili mmevisuuza?"

Likaja la ncha. Bibi harusi alitafuna mara mbili, akaacha, akamtazama mumewe kwa huruma. "Kama ufagio uliolowa," akanong'ona, lakini banda halina kuta.

"Hili shamba linaota vizuri halafu linaghairi," Bucha akasema. "Mimi nikiuza steki kisha nikakuletea kwato, utarudi kwangu?"

Kule kwenye mashine shangazi akakohoa. Kikohozi hicho hakikuwa cha mafua.

Hapo ndipo Redio alipotazama mezani akaona alichofanya. Mdomo wake, ambao haujawahi kufungwa hata akiwa na sindano ya ganzi, ukafungwa.

Angeweza kusingizia. Uongo ulishamfikia, tena umevaa na viatu: kwamba bakuli la tatu ni miwa ya aina nyingine, ya kunenepesha nywele, mradi kitu chochote. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kuusema. Lakini macho yalikuwa hayajaondoka mezani, na yakaona jambo jingine. Mbele ya Bucha palikuwa na kichuguu cha makapi, maana ndoo aliidharau. Mbele ya maharusi, vichuguu viwili vilivyogusana. Mbele ya mama yake, hakuna. Hata unyuzi mmoja. Ila leso iliyofumbatwa kiganjani ilikuwa imevimba.

Mama hakutafuna kitu. Na Redio akajua kwa nini, akatamani kujificha chini ya meza pamoja na ndoo. Tangu mwaka jana mama ana meno ya bandia, ya mbele, na hataki mtu ajue. Nyumbani nyama huikata kwa mkasi. Muwa angeuuma vipi? Mwanawe amempa kilicho bora kuliko vyote, na ndicho hasa asichokiweza, na kwa heshima yake kakificha kwenye leso kama mtoto anayekwepa dawa. Amekuja kuhukumu kuonja, na hajaonja.

"Jamani, nimekosea," Redio akasema.

Wote wakainua vichwa. Shangazi naye.

"Muwa unaonjwa kutoka nchani kwenda shinani. Mimi nimewaanzishia shinani. Nimewapa keki, halafu nikawaletea mkate mkavu na kuutaka mkate usifiwe. Kosa si la muwa."

"Sasa umefanya hivyo kwa nini?" Bucha akauliza, na hakuwa anatania.

"Kwa sababu mmoja wenu ni mama yangu."

Bibi harusi akasema "Oooh!" akashika kifua. Bucha akageuka kumtafuta mama ni nani, kana kwamba angeweza kuwa bwana harusi.

"Haya, tangaza na umri wangu kabisa," mama akasema. Kisha akanyoosha kitambaa cha meza mbele yake, kwa mkono uliozoea vitambaa. "Nguo ikishonwa upande haitupwi. Inafumuliwa."

"Basi nafumua," Redio akasema.

Akawapeleka bombani, kila mtu asukutue. Akawarudisha kwa njia ndefu, kando ya mtaro, ili ndimi zisahau. Halafu akachukua panga, akaingia shambani, akatoka na miwa begani, akaikata mafungu matatu mbele ya mashine: ncha peke yake, kati peke yake, shina peke yake.

"Hatutafuni tena," akatangaza. "Sasa tunakunywa. Kaka, wewe hasa, yale meno umeyafanyisha kazi ya siku tatu, yapumzishe."

Alisema hivyo akimtazama Bucha, moja kwa moja, wala macho hayakuteleza hata kidogo kwenda upande mwingine. Bucha akacheka, akakunja mikono ya shati, akaomba gurudumu alizungushe yeye. Shangazi akampisha na kukinga jagi.

Ikatoka juisi ya ncha, nyepesi, ya rangi ya majani. Glasi zikagawiwa. Mama akaitazama yake, akaitazama tena, akanywa.

"Maji ya kusuuzia birika," akasema.

"Sawasawa kabisa, mama! Ndiyo ncha hiyo!"

Ikatoka ya kati. Mama akanywa, akaiweka mdomoni kidogo. "Mm. Hapa angalau kuna mtu nyumbani."

Ikatoka ya shina, nzito, ina povu juu. Mama akanywa funda moja, akaitua glasi. Akanywa la pili. Akainamisha glasi mpaka povu likamwachia ndevu, akainyoosha kwa shangazi.

"Wifi, ni kuonja. Si kuoga."

"Niache, wifi. Mimi ndiyo kwanza naanza."

Maharusi walikuwa wanabadilishana glasi. Bucha, jasho likimtoka, alikuwa anamwelezea shangazi kwamba hii ya mwisho angekuwa nayo dukani Jumamosi, watu wangesahau nyama. Shangazi akamwambia aendelee kuzungusha, mazungumzo yana ladha zaidi gurudumu likitembea. Katika kelele hiyo mama akamvuta Redio mkono hadi kwenye nguzo ya mwisho.

"Umejuaje?"

"Nini, mama?"

"Usinijie na nini."

"Leso," Redio akasema. "Ilinenepa."

Mama akaitoa leso mfukoni, akaikung'utia nyuma ya nguzo, vipande vitatu vya muwa vikaanguka kwenye majani. Akaikunja vizuri, kona kwa kona.

"Na hukusema," akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuwa na habari mdomoni, na hadhira imekaa imekutolea macho, na hukuitangaza." Akamtazama mwanawe kama anavyotazama nguo iliyokaa mwilini wakati hakutegemea ikae. "Sikujua kama una kitufe cha kuzimia."

Redio akafungua mdomo, akaufunga, akaona huo ndio utaratibu mzuri kwa sasa.

Huko barabarani honi ya basi ikalia. Basi la jioni huwa linasimama pale penye nguzo ya simu, na dereva wake hana subira. Bucha akaaga kwa sauti ya mnadani na maharusi wakakimbia, mikono bado imeshikana. Shangazi akaja akijifuta mikono na aproni. Hakuuliza. Alimtazama wifi yake, akalitazama begi.

"Gari lako hilo, wifi."

Mama hakusogea. Alikuwa anatazama nyuma ya shamba, penye kibanda cha matofali chenye bomba la moshi refu na jeusi. "Pale kuna nini? Hamkutupeleka pale."

"Pale tunachemsha juisi," Redio akasema haraka. "Inachemka, inachemka, unaenguaengua povu, mpaka inakuwa nzito, mnaimimina kwenye vibati na inaganda. Sukari guru. Ni sehemu ya matembezi, ila leo muda tumeumalizia kwenye kosa langu. Na moto umeshazimwa."

"Ni sehemu ya matembezi?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo ya mwisho."

Honi ikalia tena, ndefu. Mama akalivua begi begani, akampa shangazi kama mtu anayempa mwenyeji koti.

"Tulikubaliana mwanzo mpaka mwisho," akasema. "Siwezi kuhukumu nguo haijatiwa vifungo. Wifi, una kanga ya kunisitiri usiku?"

"Ninazo mpaka za kuuza," shangazi akasema, akaondoka na begi haraka kabla mwenyewe hajaghairi. Basi likanguruma, likaondoka zake.

"Na mwanasheria?" Redio akauliza kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuitambua.

"Nitampigia. Kiti kinachozunguka hakikosi wa kukikalia." Kisha akanyoosha kidole. "Lakini sijasema umeshinda, usianze kurukaruka. Hebu niambie, hilo povu mnaloengua, mnalipeleka wapi?"

"Ee mama, hapo sasa ndipo penye habari yenyewe!" Redio akavuta pumzi, mikono ikapaa juu, muwa wa kufikirika ukazunguka tena hewani. Halafu akajizuia, akaishusha mikono. "Hapana. Ukiisikia kabla hujaona moto umewaka, nitakuwa nimekupa shina kwanza tena. Kesho asubuhi, mama. Iliyobaki nitakusimulia kesho."