Neno Juu

Kazi ya Kimulimuli ilikuwa kuhesabu watoro. Ndani ya mtambo, gesi yenye joto kulishinda jua ilizuiwa na sumaku isiguse ukuta, na chembe zake zenye kasi zilitakiwa zibaki humo humo kuipasha moto. Chembe ikichoropoka, ilipita kwenye tundu la kasha alilounda mwenyewe, ikagonga kibao, nacho kikamemetuka. Ndipo alipolipata jina hilo la utani.

Miezi miwili sasa kibao kilikuwa giza tupu. "Hakuna hata moja inayotoroka!" Mkuu wa maabara alitembea kama bwana harusi, na kwa furaha hiyo akamtilia saini likizo ya mwaka mzima. Jumamosi Kimulimuli angekwenda kumuuguza mama yake, aliyekwisha sahau majina ya wanawe wote isipokuwa lake.

Alhamisi asubuhi, akipanga picha za kumkabidhi mwenzake, akaiona moja ya kasha, iliyopigwa kabla mtambo haujafungwa. Akamwita fundi aliyelifunga kasha.

"Fundi, kwenye kifuniko niliandika nini?"

"JUU. Nikayaweka maandishi juu, dada. Si yanasomeka?"

"Nilimaanisha ukingo huu uelekee juu, si kifuniko!"

"Sasa mimi ningejuaje? Ungechora mshale."

Miezi miwili tundu lilikuwa limeugeukia ukuta, na watoro wakijipitia.

Angeweza kunyamaza. Fundi asingejichongea. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kumfikisha kwao ingetosha. Ila wiki ijayo, kwa kuliamini giza lile, wangeongeza nguvu, na watoro wangeutoboa ukuta. Alitamani kuifuta picha, tena alitamani sana. Chai ilipopoa, akainuka, akaenda kumweleza Mkuu.

Mkuu akavua miwani. "Kufungua na kurudishia ni miezi mingi. Kasha hilo nani mwingine analijua?"

"Hakuna."

"Basi hiyo likizo, dada yangu..."

Mchana akapiga simu nyumbani. Kaka yake akampa mama.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

Akalitaja jina lake.

"Hilo ni la binti yangu!" Mama akacheka kwa raha. "Anakuja Jumamosi. Hebu kata, mwanangu, asije akapiga akakuta simu inatumika."

Kimulimuli akakata, kama alivyoagizwa.